Breki ya AK-74 kwenye mdomo wa AKM

Marekani, ambako raia wengi wana bunduki za jamii ya AK (Kalashnikov), kuna ubishi wa miaka mingi. Mwenye AKM ya risasi ya milimita 7.62, muundo ulioanza kutumika jeshini Urusi ya Kisovieti mwaka 1959, afunge mdomoni mwa mtutu wake breki ndefu, yaani kifaa cha kupunguza kishindo cha bunduki kurudi nyuma, ya AK-74 ya mwaka 1974, bunduki inayotumia risasi ya milimita 5.45? Au aiache na kile kijiko chake kidogo cha mdomoni kilichokatwa mshazari?

Wanaosema afunge wana hoja nzito. Kijiko cha AKM kinafanya kazi moja tu: gesi inapotoka hugonga ule ukingo uliobaki chini na kuusukuma mtutu chini kushoto, kwa sababu bunduki hiyo ikifyatuliwa mfululizo hupanda juu kulia. Kishindo begani hakikipunguzi kwa kiasi cha kuonekana. Tena kilipangwa kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto hakimsaidii sana. Breki ya AK-74 ina vyumba viwili. Gesi hupungua nguvu kwenye chumba cha nyuma, kisha hupiga ukuta wa mbele na kutokea pembeni kwa madirisha mawili makubwa, na pigo hilo huivuta bunduki mbele wakati yenyewe inataka kurudi nyuma. Bega hupumzika, na jicho halipotezi shabaha.

Lakini gesi hiyo haipotei, inaelekezwa tu kwa jirani. Aliyesimama kando yako uwanjani ndiye anayepokea mlio na upepo usoni, na chini ya paa la bati hali huwa mbaya zaidi. Hoja hii wapenzi wa breki huipita haraka mno, nami naona si haki.

Halafu kuna suala la ufundi, na hapa ndipo watu wanapoharibu. AKM ina meno ya kukazia, kama ya skrubu, yenye kipenyo cha milimita 14, yaliyochongwa kwenye mtutu wenyewe, nayo hukaza kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati ya kawaida. AK-74 ina meno ya milimita 24 kwenye kitako cha kifaa cha kulengea cha mbele, nayo hukaza kulia. Kwa hiyo breki halisi haiingii. Dawa inayouzwa ni kiungo cha katikati: ndani 14, nje 24. Fundi akishaona meno yamekubali, anadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Risasi ya 5.45 ina unene wa takriban milimita 5.6, ile ya 7.62 ya AKM inakaribia 7.9. Tundu la kutokea kwenye breki ya AK-74 lilitobolewa kwa ajili ya ile nyembamba. Kuipitisha nene hapo ni kuigonga breki kwa risasi, na vipande vya chuma havichagui pa kwenda. Kiungo nacho huleta maungio mawili mahali palipokuwa na moja, na kila ungio ni nafasi ya kupinda kidogo.

Warusi wenyewe walipotaka breki ya namna hii kwenye risasi ya 7.62 walitengeneza AK-103: meno ya 24 na breki ya umbo lilelile, lakini yenye tundu pana. Hawakuazima chuma cha bunduki nyingine kama kilivyo.

Kwa hiyo mimi sipingi umbo, napinga kuazima. Breki ya mtindo wa AK-74 iliyotengenezwa kwa risasi ya 7.62 na meno ya 14 ipo madukani, na kwa anayepiga shabaha peke yake mahali pa wazi ni chaguo zuri. Hata hiyo, bunduki ikiwa tupu, ipimwe kwa fimbo ya chuma iliyonyooka na inayoenea vizuri kwenye mtutu: iingizwe, kisha mtu atazame kwa mbele. Nafasi kati ya fimbo na ukingo wa tundu iwe sawa pande zote. Ikiegemea upande mmoja, breki ifunguliwe kabla ya risasi ya kwanza.