Kunguni wa Bustanini

Nimeolewa Unyakyusani, na kwa mila za huko mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Hampishani mlangoni, humtazami usoni, jina lake hulitaji. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo. Baba mkwe wangu ameilegeza nusu: akija Mbeya kutoka Tukuyu analala kwetu Uyole, ila maneno yetu yote hupitia kwa mwanangu wa chekechea. Na mjumbe huyo, Mungu amkuze, kila ujumbe huufikisha na nyongeza.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mchuzi usio na giligilani kwangu ni maji ya moto. Kule kwetu joto huifanya itoe maua hata hujaifaidi, lakini baridi ya Uyole inaipenda. Nikanunua mbegu kwa wauza viungo soko la Soweto, nikazipitishia chupa juu kidogo zipasuke nusu mbili, nikaziloweka usiku kucha, kisha nikazisia kwenye magunia nyuma ya jiko. Zilikawia, mpaka mume wangu akaniuliza kama namwagilia udongo mtupu. Zilipotoka, zikatoka kweli. Pembeni mnafu nao ukajiotea, nikauacha.

Asubuhi ya siku ambayo wenzangu wa vikoba walikuwa waje kula kwangu, nikasikia jembe. Nachungulia dirishani, baba mkwe kainama bustanini. Mnafu anauzunguka kwa heshima zote na kuupalilia. Giligilani anaishika, ananusa, anakunja uso, anang'oa.

Nikamtuma mjumbe. "Mwambie babu hiyo ni mboga."

Akarudi mbio. "Babu anasema ni kunguni."

"Kunguni gani?"

"Wananuka kwenye majani. Anasema kama nje wapo, ndani ndiyo usiseme."

Kwa haki ya Mungu, ukiifikicha giligilani mbichi na pua yako haijaizoea, harufu ya kunguni ipo. Lakini sikupewa nafasi ya kulisema hilo. Mzee aliingia kwa mlango wa mbele, nami nikatokea wa nyuma, kama mila inavyotaka. Nilipoizunguka nyumba, magodoro yetu yote yalikuwa yameegemezwa uzioni, upande wa barabara, likiwemo la mtoto lenye ramani zake, na mzee anayachapa kwa fimbo huku akimweleza kila apitaye: "Kunguni! Wametokea bustanini!"

Wanavikoba ndipo wakafika.

Wakanisalimu kwa mbali. Nawakaribisha ndani, wanasema watakaa nje, kuna jua. Jua lenyewe la Julai, Uyole, meno yanagongana! Mweka hazina aliketi juu ya ndoo, baada ya kuipindua na kuikagua ndani na nje. Kila nikitaka kueleza, mzee yuko pale pale na fimbo yake, na mdomo wa kumkanusha baba mkwe mbele za watu sina. Mjumbe akaona anisaidie: "Anti, tunao wengi! Babu kawatupa shimoni!"

Mboga ilikuwa mnafu, maana ndio uliosalimika. Niliuchemsha, nikamwaga maji yake ya kwanza kupunguza uchungu, nikaukaanga na kitunguu na nyanya, nikamalizia kwa karanga zilizotwangwa. Ugali ukaisha wakiwa wamejikunyata hivyo hivyo kwenye baridi, na bakuli la mboga likarudi jikoni kuongezwa. Katibu akaomba na fungu la majani aende nalo kwake, nikampa. Alipofika barabarani nikamwona anayakung'uta, jani moja moja.

Jioni nikaenda shimoni na tochi. Giligilani ilikuwa juu juu, haijanyauka. Nikaiosha vizuri, nikaikatakata na kuitia kwenye maharage nikishaepua sufuria, kwa sababu ukiitia mapema harufu yote inaishia kwenye mvuke. Nikapakua na wali. Babu na mjukuu wanakula sebuleni, mimi nimetega sikio jikoni.

"Hebu muulize mama yako, maharage haya kayatia nini? Yananoga."

Mjumbe hata hakuinuka. "Si wale kunguni, babu!"

Kijiko kikasimama. Nikashika ukuta. Halafu nikakisikia kikigonga sahani tena, mara mbili, mara tatu.

"Mwambie kama kuna waliobaki shimoni, awalete."