Dawa za wasiwasi zinapotumiwa kwa miaka: madhara yako wapi hasa?

Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa nchini Uingereza iliwashauri madaktari kwamba dawa za kundi la benzodiazepini, ambazo mojawapo wengi wanaifahamu kwa jina la Valium, zitolewe kwa wasiwasi mkali tu, tena kwa muda usiozidi wiki 2 hadi 4. Zaidi ya miaka 30 baadaye, Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa hizo ziwekewe onyo lililo zito zaidi, na ikaeleza kuwa katika mwaka 2019 peke yake maduka ya dawa ya nchi hiyo yalihudumia takriban vyeti milioni 92 vya dawa hizo. Pengo hili kati ya ushauri na mazoea ni kubwa mno kuelezwa kwa uzembe wa madaktari tu.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Diazepamu, yaani hiyo Valium, ilipoingia sokoni mwaka 1963, madaktari walikuwa wakitegemea babichureti, dawa za zamani za kutuliza na kuleta usingizi, ambazo mgonjwa akizizidisha angeweza kufa kwa urahisi, ilhali benzodiazepini zikimezwa peke yake ni nadra kuua (zikichanganywa na pombe au dawa za maumivu za jamii ya afyuni, hilo ni jambo jingine kabisa). Isitoshe, hutuliza mapema, wakati dawa za mfadhaiko zinazopendekezwa badala yake huhitaji wiki kadhaa, na tiba ya mazungumzo mara nyingi ina foleni. Kumwambia mtu aliyeshikwa na hofu hadi hawezi kutoka nyumbani kwamba avumilie mwezi mzima si jambo jepesi.

Matatizo huanza ubongo unapozoea. Dawa hizi huipa nguvu GABA, kemikali inayopoza shughuli za neva, na zikimezwa kila siku ubongo hujirekebisha ili kufidia nguvu hiyo. Dozi ikikatwa, mwili hubaki bila breki: mtu hutetemeka, hukosa usingizi, moyo humwenda mbio, na aliyeacha ghafla baada ya kutumia dozi kubwa anaweza kupata degedege la kuhatarisha maisha. Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba dalili hizi zinafanana mno na ugonjwa wenyewe. Anayemeza asubuhi alprazolamu, benzodiazepini isiyokaa sana mwilini, anaweza kufika jioni akitoka jasho na kuamini kuwa wasiwasi wake umerudi, kumbe ni dozi inayokwisha. Akimeza kidonge kingine anapata nafuu, na nafuu hiyo inamthibitishia yeye na daktari wake kwamba bado anakihitaji. Kwa njia hii cheti cha wiki mbili hugeuka kuwa cha miaka kumi bila yeyote kuamua iwe hivyo.

Kwa wazee huongezeka hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga, na kumbukumbu hudhoofika. Kuhusu ugonjwa wa kusahau uzeeni, nawashauri wasomaji wasikimbilie hitimisho: baadhi ya tafiti zimeona uhusiano na nyingine hazikuuona, na kwa kuwa wasiwasi na kukosa usingizi vinaweza kuwa dalili za mwanzo za ugonjwa huo, huenda dawa ilitolewa kwa sababu ugonjwa ulikwishaanza.

Je, suluhisho ni kuwaachisha wote? Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha wagonjwa mjini Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, alikuwa akiwahamishia kwenye diazepamu, inayodumu mwilini kwa muda mrefu, kisha akipunguza kidogo kidogo kwa miezi mingi, huku mgonjwa mwenyewe akiamua kasi. Miligramu 1 ya lorazepamu, benzodiazepini nyingine, aliihesabu kuwa sawa na takriban 10 za diazepamu, na kwa kuwa kuna vidonge vya diazepamu vya miligramu 2 vinavyoweza kukatwa nusu, hatua ya kushuka ilikuwa ndogo kiasi cha kuvumilika. Huko ni mbali sana na daktari anayetishwa na kanuni mpya akafuta cheti siku moja. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba, miongoni mwa watumiaji wa muda mrefu, walioachishwa walikuwa na vifo vingi zaidi katika mwaka uliofuata kuliko walioendelea. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kumzuia mtu kudhani kwamba kuachisha hakuna gharama.

Kwa hiyo nisingempima kwa kipimo kimoja anayeanza leo na aliyemeza kwa miaka 20. Wa kwanza apewe tarehe ya kumaliza siku ileile anayopewa cheti, na aambiwe mapema kwamba atakachohisi akiacha huenda kisiwe ugonjwa wake wa awali. Wa pili ashauriwe kupunguza, aelezwe hatari za kuendelea, na asilazimishwe. Na serikali inayotaka takwimu za vyeti zishuke igharamie kwanza kliniki za kumsindikiza kwa miezi yote hiyo.