Upepo wa Kinangop tuliupoteza kwa sababu jirani hakuhesabiwa

Mimi ni mtu wa Kinangop, kule Nyandarua, niko huku magharibi mwa Texas naendesha trela, na nikipita Interstate 20 kati ya Abilene na Sweetwater huwa nakasirika. Sio na Wamarekani, nakasirika na vile sisi tuliachilia mradi wa umeme wa upepo, kitu ambacho wakulima wa huku wanakula nacho hadi leo.

Kwa wale hawajaona, pale Roscoe, mji mdogo ukishapita Sweetwater, kuna mitambo ya upepo 627, megawati 781.5, ilimalizwa 2009 na wakati huo hakukuwa na mradi wa upepo mkubwa kuushinda duniani. Na iko kwa mashamba ya watu binafsi, wakulima wa pamba. Ukisogea karibu unaona mistari ya pamba imelimwa hadi inakaribia mguu wa mnara, halafu kuna kaduara ka kokoto na kabarabara keupe ka kuingilia, basi, mzee anaendelea na trakta yake. Mapanga ya mitambo, yale yanayozungushwa na upepo, yakiletwa ni lori moja panga moja, magari ya eskoti mbele na nyuma, sisi wengine tunakaa pembeni tukingoja likate kona. Barabara za kaunti zikibomoka kampuni kawaida ndio inazirudisha, maana waliandikiana mapema.

Watu hudhani mkulima wa huku ni mwerevu kutuliko. Wapi. Yeye amezaliwa kwa nyumba ya mikataba ya mafuta, anajua lizi, yaani mkataba wa kukodisha ardhi, ni nini, anajua asilimia ya mauzo ni nini, na kampuni ya upepo ikija anapigia wakili kwanza. Lizi inaenda miaka 30 hivi, analipwa wakati wa kujenga, analipwa asilimia umeme ukiuzwa. Tena tangu 2019 sheria ya Texas inasema lazima lizi yenyewe iseme kampuni itang'oa mitambo ikimaliza kazi, itoe msingi wa zege angalau futi 3 kwenda chini, na kuwe na dhamana ya pesa ya kuifanya hiyo kazi. Mimi niliposikia hiyo nilifikiria wazee wa kwetu, ni nani aliwahi kuwakalisha chini akawaambia ile zege itatoka lini na kwa pesa ya nani?

Na laini ya umeme nayo, hapo ndio walituacha mbali kabisa. 2005 bunge la Texas lilipitisha sheria kwamba laini zipangwe kwenda kule upepo uko, sio kungoja mitambo isimame ndio watu waanze kutafuta waya, 2008 mpango ukapitishwa na kufikia 2014 laini za kama maili 3,600 zilikuwa zimeisha, karibu dola bilioni 7, na wateja wote wanazilipa pole pole kwa bili. Sisi kule Loiyangalani, kwa mradi wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ilikuwa imesimama 2017, laini ya kwenda Suswa ya zaidi ya kilomita 400 bado, umeme ukaanza kutoka Septemba 2018, na Kenya ikatozwa faini ya umeme ambao hakuna mtu aliwasha nao hata taa.

Sasa turudi Kinangop. Mradi ulikuwa wa mitambo 38, megawati 60.8, pesa kama dola milioni 150, na Februari 2016 ukafutwa. Kabla ya hapo watu waliandamana, na 2015 mtu akapigwa risasi akafa. Mtu alikufa, jamani, kwa mradi wa umeme! Watu wengi wa Nairobi walisema tu eti wakulima wamechochewa na wanasiasa, eti wanaogopa magonjwa. Uvumi ulikuwepo, sikatai, wa magonjwa na wa kuhamishwa, lakini huo ungezimwa kwa mikutano michache ya kanisani kama mtu angekuja na ramani inaonyesha kila mnara na kila boma na umbali kati yao.

Kwangu mimi shida kubwa ilikuwa ekari. Mkulima wa Texas ana mamia ya ekari, nyumba ya jirani iko mbali. Kwetu ardhi iligawanywa na skimu za makazi wakati wa uhuru, halafu baba akagawia watoto, leo mtu ana ekari 3, waru (viazi) upande huu, ng'ombe wawili upande ule. Mnara ukisimama kwa huyu, kivuli cha panga na kelele vinaingia jikoni kwa yule, na pesa inaingia kwa mfuko wa mmoja. Hapo amani itatoka wapi?

Ndio maana sitaki kusikia eti tuige Texas yote. Huku kaunti haina nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi ya mtu huko mashambani, na jirani asiye na lizi hana wa kumsikiliza isipokuwa korti. Hiyo ukiipeleka Nyandarua ni vita. Tuchukue sheria ya kung'oa mitambo, tuchukue laini kupangwa mapema, lakini malipo yetu yafuate umbali, kila nyumba iliyo karibu na mnara ipate fungu lake hata kama mnara hauko kwake.

Na msiniambie Kenya haiwezi. Kipeto kule Kajiado ni mitambo 60, megawati 100, inafanya kazi tangu 2021, iko kwa ardhi ya familia za Kimaasai zenye lizi na kuna mfuko wa jamii. Mwaka huo huo wa 2021 korti ya Meru ilisema hatimiliki za ekari 150,000 za ule mradi wa Ziwa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu. Nchi ni moja, tofauti ni nani aliketi na wenye ardhi kabla ya kuchimba.

Upepo wa Aberdare haujaisha na kampuni nyingine itakuja tu. Watu wangu wa Engineer, Njabini, Magumu, wakija na karatasi msikubali kuweka sahihi mmoja mmoja kwa nyumba zenu. Wekeni pamoja, kilima kizima, na wakili alipwe na kampuni lakini achaguliwe na nyinyi.