Ufunguo wa geti uko kwa nani usiku? Moto, ugonjwa na kufuli katika nyumba za kupanga

Nyumba ya kupanga ikiungua na watu wakafia ndani, maelezo yanayofuata huwa yanafanana: madirisha yalikuwa na nondo, geti lilikuwa na kufuli, na zimamoto walipigiwa simu moto ukiwa umeshashika paa. Hukumu nayo haichelewi. Wapangaji wa Manzese, Tandale au Buguruni, jijini Dar es Salaam, wanaambiwa kuwa hawana elimu ya majanga, kwamba wanamwogopa mwizi kuliko wanavyokiogopa kifo. Sehemu ya kwanza ya maelezo hayo mara nyingi ni kweli. Hukumu ndiyo inayohitaji kutazamwa upya, kwa sababu imejengwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kulala katika chumba cha uani chenye dirisha linalotazama kichochoro.

Tuanze na wanaolaani kufuli, kwani hoja yao ni nzito. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023, jengo la ghorofa tano katikati ya Johannesburg, mali ya jiji lakini lililokaliwa na mamia ya watu waliojigawia vyumba kwa mbao na mapazia, liliungua na kuua watu zaidi ya 70, Watanzania wakiwamo. Manusura walisimulia mageti ya ndani yaliyokuwa yamefungwa. Nchini Kenya, wasichana 26 walikufa katika bweni la Bombolulu, Kwale, mwezi Machi 1998, na wavulana 67 katika bweni la Kyanguli mwezi Machi 2001. Kote kuwili kulikuwa na nondo madirishani na mlango usiofunguka. Bweni si nyumba ya kupanga, lakini chuma ni kilekile, na moshi, ambao huua kabla ya mwali kufika, haumsubiri anayepapasa gizani kutafuta ufunguo.

Hata hivyo, anayesema “ondoeni kufuli” hana budi kueleza kwanza kufuli hilo linafanya kazi gani. Katika nyumba ya vyumba minane, yenye korido katikati na choo na bafu uani, hakuna mlinzi, na joto la Dar es Salaam halimruhusu mtu kulala dirisha likiwa limefungwa. Nondo ndizo zinazomwezesha mpangaji kuacha dirisha wazi apate hewa. Bila hizo angefunga mbao na kulala kama yumo ndani ya tanuri. Kuhusu geti, wengi huuliza kwa nini komeo la ndani lisitoshe, maana komeo hufunguliwa kwa mkono tu. Jibu analijua kila aliyewahi kuibiwa. Mwizi huingia kwa kuruka ukuta, lakini televisheni na mtungi wa gesi hutoka kwa mlango. Komeo humfungulia njia yule aliyekwisha kuingia, ilhali kufuli humlazimisha arudi alikopita akiwa mikono mitupu. Tena wamo wapangaji wanaorudi usiku wa manane, kama mhudumu wa baa, dereva wa bodaboda na mlinzi anayebadilishana zamu. Mwenye ufunguo wa kufuli anaweza kujifungulia, lakini komeo la ndani litamlazimu agonge na kuamsha nyumba nzima, na ugomvi wa aina hiyo umevunja ujirani mwingi.

Kwa hiyo mpangaji anayesisitiza geti lifungwe hajakosa akili. Amepima. Mtu aliyepanga uswahilini miaka 15 pengine ameibiwa mara tatu, na hajawahi kuona nyumba aliyolala ikiwaka. Kumtaka akubali hasara anayoijua ili ajikinge na janga asilowahi kuliona ni kumwomba jambo ambalo hata wakazi wa majumba yenye kuta ndefu na walinzi hawalifanyi.

Kasoro ya mjadala huu, kwa maoni yangu, ni kwamba umewekwa kati ya moto na mwizi peke yao, na ugonjwa ukasahauliwa. Kinachogonga geti kutoka ndani usiku, mara nyingi kuliko moto, ni mtoto aliyeshikwa na degedege, mjamzito aliyeanza uchungu, mzee aliyeanguka upande mmoja wa mwili ukiwa umelegea, au mgonjwa wa pumu aliyeishiwa dawa. Nyumba yenye familia nane haimalizi mwaka bila kuupata usiku wa namna hiyo. Hapo hakuna haja ya kumtisha mtu kwa janga la mbali. Anayo kumbukumbu yake mwenyewe, na katika kumbukumbu hiyo yumo mtu aliyekuwa akiulizia ufunguo.

Hebu tulifuate jambo hilo hatua kwa hatua, maana uzito wake umo katika dakika. Ufunguo ni mmoja, au ni miwili: mmoja kwa mama mwenye nyumba, mwingine kwa mpangaji wa chumba cha mbele. Mama mwenye nyumba amelala msibani Mbagala. Mpangaji wa chumba cha mbele ameingia zamu ya usiku, na ufunguo umo mfukoni mwake. Mtoto anatetemeka. Degedege likivuka dakika tano linahesabiwa kuwa dharura inayohitaji hospitali bila kuchelewa. Kabla mtu hajapiga simu, hajajibiwa, na hajaamua kutafuta nyundo ya kuvunjia kufuli, dakika kumi zinakuwa zimekwisha, na bajaji ambayo jirani ameshaiwasha inanguruma nje ya geti bila abiria. Gari la wagonjwa halikuchelewa hapo, wala barabara haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kisichozidi kidole.

Hiyo bajaji nayo imesemwa vibaya isivyostahili. Ni kweli kwamba aliyevunjika uti wa mgongo hapaswi kukunjwa kwenye kiti cha nyuma, na wataalamu wana haki ya kulirudia hilo. Lakini mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga na unaopatikana kwa kupiga 115 bila malipo, umejengwa kwa kukubali ukweli ambao wapangaji waliujua zamani: pale gari la wagonjwa linapokosekana, dereva wa kawaida wa mtaani huitwa, humbeba mama, na hulipwa. Serikali imekiweka katika utaratibu kile ambacho majirani walikuwa wakikifanya kwa hisani. Nashangaa kwamba namba hiyo huwezi kuikuta imeandikwa kwenye korido nyingi, ilhali tangazo la “lipa kodi kwa wakati” limebandikwa.

Lawama ya kuchelewa kupiga 114, namba ya zimamoto, ina ukweli zaidi, nami sitetei kuchelewa huko kwa moyo wote. Watu hukimbilia kwanza mchanga na ndoo za maji kwa sababu wanajua gari la zimamoto halitapenya kichochoro chao, na mara nyingi ndoo hizo ndizo zinazookoa nyumba ya pili na ya tatu. Lakini simu haimzuii mwenye ndoo. Mmoja apige, wengine wamwage. Tena maji yenyewe yana hatari yake ikiwa moto umeanzia kwenye nyaya, na hapa kuna ufunguo wa pili usiozungumzwa: swichi kuu ya umeme na mita ya Luku ya nyumba nzima zimo, katika nyumba nyingi, ndani ya sebule ya mwenye nyumba, ambayo naye hufunga anapotoka. Mpangaji anayeona cheche chumbani kwake hana namna ya kukata umeme anaouchangia kila wiki.

Jambo hili halitapungua uzito. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa, na kwa afya ya mapafu ya akina mama ni hatua njema. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, maana yake ni mtungi wa gesi kukaa hatua mbili kutoka kitandani, katika chumba chenye mlango mmoja, na gesi hiyo, ikivuja, hutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, palepale palipo godoro la watoto.

Kuhusu nondo za madirisha, basi, nawapa haki watu wa zimamoto bila masharti mengi. Dirisha moja katika kila chumba linaweza kuwekewa nondo zenye bawaba, zikafungwa kwa ndani. Ni kazi ya siku moja kwa fundi wa kuchomelea, na gharama ni ya mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Kwenye geti nabaki na wapangaji: kufuli likae. Kinachobishaniwa ni idadi ya funguo. Wenye nyumba wanakataa kuchongesha ufunguo kwa kila chumba kwa sababu mpangaji akihama huondoka nao, na hofu hiyo si ya kubuni. Njia iliyo rahisi ni ufunguo mmoja wa ziada kutundikwa ndani ya korido, mahali mkono wa aliye nje ya geti haufiki na kila mtoto wa nyumba anapajua. Udhaifu wake ni kwamba mwizi aliyekwisha kuingia hadi kwenye korido ataupata. Naukubali udhaifu huo, kwa sababu mwizi wa namna hiyo anapita katikati ya milango minane ya watu waliolala, ilhali mtoto mwenye degedege yuko nyuma ya mojawapo. Atakayeutundika, na atakayeangalia kila jioni kama bado upo, wanaweza kupangwa siku ileile wanapokaa kugawana pesa za Luku na kubishana kuhusu mwenye friji.