Foliki asidi: unga ndiyo, kiganja cha vidonge hapana

Kwenye maduka ya dawa ya Ngamiani, mjini Tanga, "vidonge vya damu" huombwa kama panadoli. Mteja anapewa vile vidogo vya njano, foliki asidi ya miligramu 5, wala haulizwi damu imepungua kwa nini. Wakati huohuo kuna wanaokasirika wakisikia vitamini hiyohiyo inatiwa kwenye unga. Wanaotaka unga urutubishwe na wanaopinga wote wana hoja, lakini hazina uzito sawa.

Foliki asidi ni vitamini B9. Ikikosekana, uboho unashindwa kutengeneza chembe nyekundu sawasawa: zinatoka kubwa, tena chache. Ndiyo maana mjamzito akienda kliniki anapewa FEFO, kidonge chenye madini chuma na foliki pamoja. Kwa damu yake, kinafaa. Kwa kuzuia mgongo wazi kimechelewa, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, na wengi wakati huo hawajajijua. Hii ndiyo hoja nzito ya wanaotaka unga urutubishwe: inamfikia mwanamke kabla hajawa mjamzito.

Wapinzani wanasema tuna mchicha, kunde na matembele, ya nini kuongeza dawa kwenye chakula? Ni kweli vyote hivyo vina B9. Ila vitamini hii huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na ni lazima, kwa sababu ya sumu yake. Mchicha nao wengine wanauchemsha, kisha maji wanayamwaga, na vitamini inakwenda nayo. Hapo wapinzani hawanishawishi, ingawa wakisema dona ni bora kuliko sembe nawaunga mkono.

Hoja yao yenye nguvu iko ng'ambo ya bahari, Pemba. Huko watoto wadogo walipewa kila siku madini chuma pamoja na foliki, na mwaka 2003 utafiti ukasimamishwa kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa 2006. Lakini tusiyasome nusunusu: katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu kweli walifaidika. Kidonge cha kila siku kwa mtoto ambaye hajapimwa, kwenye eneo la malaria, ni jambo jingine kabisa na chembechembe zilizomo kwenye ugali.

Na ndiyo maana vile vya njano vinanitia wasiwasi kuliko unga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.4 kwa siku kwa mjamzito. Akijinunulia ya 5 huku anameza SP ya kujikinga na malaria, anaidhoofisha SP, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki. Tena kwa mtu aliyepungukiwa B12, tuseme mzee asiyegusa samaki wala maziwa, foliki nyingi hurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika kimyakimya. Mwenye sikoseli anaihitaji kweli, kwa maelekezo ya daktari. Mwenye safura anahitaji dawa ya minyoo na madini chuma.

Kwa hiyo mimi niko upande wa unga. Tangu kanuni za mwaka 2011, wasagaji wakubwa wanatakiwa watie madini chuma, zinki, foliki na B12. Anayekula mkate na chapati mjini Tanga anaweza kufikiwa. Wa Handeni au Muheza, anayepeleka debe lake la mahindi kwenye mashine ya kijijini, anaambulia kusagiwa tu. Mwenye mashine hana kirutubisho wala kifaa cha kukipimia, na akiongeza bei hata kidogo mteja anahamia mashine ya pili. Gharama hiyo ingebebwa na halmashauri, angalau kwa kuanzia.