Kipaji peke yake hakimpi kwotabeki ofa
Hapo mliposema kwotabeki wa sekondari (yule mrusha mpira anayeongoza timu kwenye futiboli ya Kimarekani) akiwa na kipaji cha kweli, ofa za vyuo za kumchukua acheze na kusoma zitamfuata zenyewe, mi nakataa kabisa. Mtoto wa dada yangu anacheza nafasi hiyo hiyo huku Texas, mkono anao, ila simu haikulia hata mara moja mpaka tulipoanza kukata video zake na kuwatumia makocha mmoja mmoja. Mwangalieni Josh Allen, alimaliza shule Firebaugh kule California bila ofa hata moja ya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, akapitia Reedley College, akawaandikia makocha barua pepe kibao ndo Chuo Kikuu cha Wyoming wakamchukua, na 2018 akachaguliwa wa 7 kuingia NFL, ligi ya kulipwa! Kwotabeki uwanjani ni mmoja tu kwa hiyo chuo kinachukua mmoja au wawili kwa mwaka, na tangu 2021 mchezaji anahama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, basi makocha wengi wanaona heri wamchukue aliyekomaa tayari. Halafu masomo jamani, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, kwa Divisheni ya Kwanza wanataka kozi 16 za msingi za sekondari na GPA (wastani wa alama, kipimo cha 4.0) ya 2.3. Nyie wenye vijana huku, mlianza kutuma video wakiwa darasa la ngapi?