Saba au Nane

Nakiri mapema: mtoto wa jirani alisema saba. Mimi nikasema nane, kwa sababu pikipiki ni yangu na yeye yuko darasa la tatu.

Hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, mwezi wa nane upepo haupigi hodi. Unang'oa shuka kwenye kamba, unanyunyiza vumbi kwenye mlenda, na safari hii uliingia hadi kwenye pikipiki. Ikawa nzito kuwaka asubuhi, na taa ya injini ikagoma kuzima. Vijana wa kijiweni wakanipa pole ya kinafiki: "Mzee, si ungechukua ya kabureta tu?"

Pikipiki ya injeksheni ina kompyuta, na kompyuta ina namna yake ya kulalamika. Unashusha stendi ya pembeni, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa inavyokonyeza. Mkonyezo mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Kwa aina yangu, saba ni sensa, yaani kipimo, ya joto la injini, nane ni sensa ya throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini.

Mara ya kwanza nilipiga chafya kwenye nne. Mara ya pili mama Neema akatokea mlangoni: "Baba Neema, Majengo sokoni unanipeleka au nipande daladala?" Mara ya tatu mtoto akasema, "Saba, anko."

"Nane. Wewe ulianzia wapi kuhesabu?"

Basi nikaifumua throto. Kulikuwa na kadude keusi, kadogo kama kiberiti, kamefungwa kwa skrubu mbili, kananizuia mkono. Nikakang'oa, nikakatia kwenye kikombe. Throto nikaikuta safi kuliko vyombo vya jikoni kwangu. Alasiri, mtoto alipokwenda kunywa maji, nikachomoa soketi ya sensa ya joto kimyakimya. Mle ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mzabibu. Nikalisugua kwa mswaki wa zamani. (Mswaki haukuwa wa zamani. Hilo nilielezwa usiku.)

Nikarudisha vyote, ikabaki skrubu moja tu, ambayo kwangu ni ushindi. Nikafungua swichi: taa ikawaka, ikazima, vizuri kabisa. Nikabonyeza stata. Injini ikazunguka weee, haikushika. Hata ule mvumo mfupi wa pampu ya mafuta unapofungua swichi, kimya.

Nikajua pampu imekufa. Nilijua kwa uhakika uleule wa nane. Nikaanza kuisukuma barabarani labda ishtuke, na babu wa Kigogo wa nyumba ya tatu akawa ananisalimu "Mbukwa!" kila nikipita. Nilipita mara nne.

Jumapili nikaita fundi, kijana mdogo tu. Hakutoa hata spana.

"Mzee wangu, jana ulifungua nini na nini?"

Nikataja vyote. Mtoto akadakia: "Na kale kalikokuwa kwenye kikombe."

Fundi akamulika kwa tochi ya simu. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mzee, hii ni sensa ya kuanguka. Pikipiki ikilala chini, inaambia kompyuta ikate mafuta, injini izime. Ina mshale wa kuangalia juu. Wako unaangalia ardhini."

Yaani tangu jana pikipiki yangu ilikuwa inaamini imepinduka, inasubiri wasamaria.

"Ungeibinua matairi juu," akasema, "pengine ingewaka."

Akakageuza, ile skrubu iliyobaki ikapata kwao, pampu ikavuma, injini ikashika palepale.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu moja ya kugeuza. Elfu tisa ya kutomwambia mtu."

Nikalipa elfu kumi. Fundi ni muungwana, hajafungua mdomo mpaka leo. Ila yule wa darasa la tatu sikumlipa kitu. Jioni napita kijiweni, nikakuta helmeti zote zimewekwa juu ya siti kichwa chini, na wenyewe wamenyamaza, wanaangalia mbali.

"Mbukwa, mzee," mmoja akasema.